Kona Yako Iko Kimya, Kaka Deo

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua barua inatakiwa ianze na salamu ndefu, lakini leo sina subira ya kukuuliza mvua za Lubumbashi. Namba zako mbili hazipatikani, na ya tatu alipokea mwanamke akaniambia nimekosea, tena kwa ukali. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia wazi, mtu yeyote wa huko anayekufahamu akuoneshe. Ukiona aibu, vumilia. Mimi yangu nimeshaiona.

Baba ameanza tena Kifaransa.

Subiri, nianze vizuri. Masika haya Baba alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwenda. Mimi ananiita "eee", maji ni "eee", hata marehemu mama kwenye picha ukutani ni "eee". Daktari amesema kikimrudia cha pili tusitegemee mengi. Nimelisema moja kwa moja kwa sababu unanijua, sijui kuzunguka.

Nimeinuka kidogo kumgeuza. Nimerudi. Siku hizi sikai, Deo. Nashona pindo nusu, nanyanyuka, naenda mlangoni, narudi, nakuta pindo limekwenda upande. Wateja wamenivumilia sana.

Unakumbuka madungu matatu? Nauliza tu, najua unakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi kumi. Mpunga wetu wa kule Kivukoni ulikuwa umeanza kutia maziwa, na kwelea kwelea wakija wanafunika jua. Baba alijenga dungu lake la miti juu ya nguzo upande wa njia, lako upande wa mto, langu upande wa mfereji. Wenzetu wa mashamba ya jirani waliamia ndege kwa madebe na makombeo na kelele za hoo, hoo. Sisi Baba akatupa vitenzi vya Kifaransa. Alisema hoo, hoo ndege wanaizoea, ila imparfait du subjonctif hawataizoea kamwe.

Ndiyo, Baba yetu yule. Alikaa miaka minne seminari ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa padre mmoja mzee wa Kibelgiji, akaacha kabla ya upadre, akarudi na sanduku moja na kitabu cha sarufi ambacho mchwa walishamaliza jalada. Huo ndio ulikuwa utajiri wake. Wengine wanaonyesha cheti, yeye anasimama juu ya dungu, kaptula imechanika, na kupaza sauti: "Que je parlasse!", yaani niseme. Na wewe kutoka mtoni: "Que tu parlasses!", useme. Kisha mimi: "Qu'il parlât!", aseme, na hapo nashika kofia yangu ya ukindu, kwa sababu Baba alitufundisha kwamba wa tatu ndiye anayevaa kofia juu ya herufi. Halafu yeye tena, wewe, mimi, mpaka nafsi zote sita zitimie, tunaanza kitenzi kingine. Mimi ile kofia niliipenda kuliko Kifaransa chenyewe.

Na ole wako uchelewe mstari! Kona ikinyamaza kidogo tu, ndege wote wanahamia pale. Siku uliyolala dunguni walikula mpunga wako mpaka ukabaki makapi matupu. Baba hakukupiga. Alikuita ukaone, mkasimama pale wawili mkiangalia, halafu akasema, "Umeona? Mimi nilisema wangu."

Mama Sesilia wa shamba la jirani alidhani ni sala ya Kilatini. "Hiyo sala yenu ya ndege inafanya kazi kweli? Hebu nifundisheni." Wewe, na uchokozi wako, ukamfundisha que je fusse, que tu fusses. Msimu mzima mama wa watu anazunguka na debe lake, "Fuse! Fuse!" Baba alikuwa anageuka pembeni ili asimwone anavyocheka.

Mchana tukila mihogo ndiyo anafafanua. Ni rahisi, anasema, chukua ule wakati wa hadithi, tu vins, uufunge mkia: que je vinsse. Tu fus, que je fusse. Tu finis, que je finisse. Ukamuuliza kitu hicho kazi yake ni nini, maana kwenye daftari la shule hakipo. Akasema, "Sisi tunasema nilitaka uje. Hilo uje ni lile lile, iwe jana, iwe enzi za babu. Wao wanaona kama kutaka kumepita, basi hata kuja nako kuvae nguo za zamani. Je voulais que tu vinsses." Ukasema wazungu wana nafasi. Baba alicheka mpaka muhogo ukampalia.

Ulipopata nafasi ya chuo Lubumbashi, hakuna aliyeringa Ifakara nzima kama yeye. Siku ya treni naye akakata tiketi. Tukadhani anakusindikiza mpaka mpakani, kumbe ya Mlimba tu. Alitaka yale masaa. Alirudi kesho yake sauti imemkauka, akaniambia mmesema vitenzi njia nzima na abiria wamewahama behewa. Nikamwambia, "Baba, umemtia mwenzio aibu." Akasema, "Hakuona aibu hata kidogo."

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikikwepa tangu asubuhi.

Ile Krismasi uliyokuja likizo. Wageni wamejaa, wali umeiva, kuku wawili. Baba amevaa shati la Kanisa, akakuita katikati ya sebule: "Deo, waoneshe. Venir. Que je vinsse..." Akakusubiri udakie. Na wewe ukasema, "Baba, hayo hayasemwi tena. Ni ya vitabu vya zamani. Ukiongea hivyo Lubumbashi watu wanakucheka."

Hukusema kwa ubaya. Nilikuwa nimekaa nyuma yako pembeni, nilikuona. Ulikuwa unasema ukweli tu, kama kijana aliyetoka kujifunza jambo jipya. Na pengine pangekuwa kimya, Baba angejibu utani, yangeisha. Ila kuna mtu alicheka. Alicheka kwa nguvu, na wageni wote wakamfuata.

Mtu huyo ni mimi, Deo. Wewe ulikuwa umempa mgongo kila mtu, umemkabili Baba, hukuona ni nani. Miaka yote hii nimekuacha uamini ni maneno yako peke yako.

Baba alitabasamu, akaanza kukusanya sahani. Baba, kukusanya sahani! Msimu uliofuata alifunga makopo na mikanda ya kaseti shamba zima, viwe vinapiga kelele vyenyewe kwa upepo. Kifaransa hakukigusa tena. Ulipopiga simu alikuuliza umekula, akanipa mimi. Ukaniambia, "Baba hataki kuongea na mimi." Nikajibu, "Mpe muda." Mwoga mimi. Wewe ukampa muda mpaka ikafika miaka minne na simu zikakatika. Hasira nilizonazo juu yako ni nyingi, usidhani nimezimeza. Hata kwenye msiba wa mtu baki watu hutuma salamu! Lakini zangu juu yangu ni nyingi zaidi.

Sasa sikia. Nesi wa mazoezi aliniambia nimjaribu kwa vitu alivyovijua kwa moyo, kwa sababu hivyo mara nyingine hubaki hata maneno mengine yakipotea. Nikajaribu rozari, akawa anachezesha midomo tu. Nikajaribu nyimbo za Kipogoro alizoimbiwa na bibi, hakuna. Kisha jioni moja, kwenye saa kumi na moja, nimemtoa barazani namlisha uji, kundi la kwelea kwelea likapita juu ya bati letu likielekea mashambani. Akainua mkono wa kushoto. Akasema, wazi kabisa, herufi zote: "Que je vinsse."

Bakuli lilinitoka mkononi. Nikadakia haraka, "Que tu vinsses!" Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea mtoni, kwenye kona yako, akasubiri. Nikarudia kwa sauti nzito, nikikuiga. Akaniangalia kama mtu aliyenikamata naiba kete kwenye bao. Na kwa kuwa wa pili hajasema, wa tatu hawezi, na yeye hawezi kuendelea na wa nne. Kila siku saa ile ile anaanza, anafika hapo hapo, anakwama.

Juzi nikashindwa. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikamwambia, "Baba, aliyecheka kwanza ile Krismasi ni mimi. Siyo wageni, siyo Deo. Mimi." Nililia mpaka nikajitia aibu. Akanisikiliza wee. Halafu ule mkono mzima ukaja taratibu, akauweka utosini kwangu, akabonyeza, kama mtu anayemkalisha mtoto kofia vizuri. Kisha akageuka akaangalia tena mtoni.

Mimi amenimalizia yangu, kaka. Aliyebaki ni wewe, na sidhani kama anakudai hata msamaha. Anataka usikie amesema wake.

Treni bado inasimama Mlimba na bado inasimama Ifakara. Kama huwezi leo, nipigie nimwekee simu sikioni, kwa namba ile ile ya siku zote. Lakini njoo. Usiniulize kama huko wanasema hivyo au hawasemi. Hapa nyumbani anayesema ni mmoja, na sijui atasema mpaka lini.

Ndege wanapita sasa hivi. Namsikia kutoka hapa kwenye cherehani. Ameshasema wake. Nimeshika kofia yangu mkononi na sijibu.

Mdogo wako wa dungu la mferejini,
Skola