Yadi Moja ya Soy

Jumatatu, 6 Oktoba 1986

Kiprono anaoa! Ameandika mwenyewe kwa mkono wake kutoka Amerika. Ugali umeungua. Wacha uungue.

Sasa niandike polepole. Nilikuwa nasonga, Mzee akaingia na barua kutoka posta. Msichana ni Chelagat, anafundisha darasa la kwanza kule Soy. Wameandikiana miaka miwili. Miwili! Na mimi mamake nilidhani ananiandikia mimi peke yangu. Nimeumia kidogo. Nimefurahi zaidi.

Anataka twende kwa kina Chelagat tumposee. Anakuja Disemba, wiki tatu tu, akute maneno yamekwisha. Tena haraka, kwa sababu kuna mwalimu mwenye pikipiki ambaye wazee wake wameshaanza kupita pale.

Mwalimu wa pikipiki. Na mwanangu amepanda ndege.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wameenda mara ya kwanza. Mzee, ndugu yake Barnaba, na dada yao tunayemwita Senge, yaani shangazi. Mimi nimeachwa. Mzee anasema kazi hii inataka watu wa maneno machache.  Nimekoboa mahindi debe tatu bila kumjibu.

Jioni wamerudi. Walipewa chai, wakaulizwa habari ya mvua, wakasindikizwa mpaka kwa geti. Hakuna aliyewauliza wamefuata nini. Ni sawa. Kwa wazee wetu mara ya kwanza unakuwa mgeni tu. Safari ni nne. Ukikataliwa ya nne, unakaa kwako.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilipeleka vitunguu Soy. Wanawake sokoni wakaniuliza habari za Kiprono. Kusema kweli hawakuniuliza. Niliwaambia.

Niliwaeleza kwamba watoto wa Kaptagat wote huenda Amerika kukimbia, wembamba kama mpini wa jembe. Wangu ni mlango. Alienda kurusha tufe. Kocha wa ule mpira wao wa kushika na mikono, ule wa kuvaa helmeti, alimwona akila, akamwambia kesho uje kwangu. Sasa kazi yake ni moja. Ikibaki yadi moja tu na wale wengine wamejipanga kama ukuta, Kiprono anapewa mpira, anaingia katikati na kichwa.

Nikawaonyesha. Nilimgonga na bega mama mmoja wa nyanya, akakalia nyanya zake. Nikasema Kiprono haanguki, wanaoanguka ni wale wengine, na wengine wanabebwa. Hiyo ya kubebwa niliongeza.

Wote walicheka isipokuwa mama wa nyanya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mara ya pili. Wameulizwa ukoo, wameulizwa kanisa, wameulizwa kama Kiprono anakunywa. Majibu yote mazuri. Mzee amerudi akiimba wimbo wa kanisani, yeye ambaye kanisani haimbi.

Mama Njeri mwenye duka amekuja kuuliza. Nikampa habari yote, pamoja na ile ya yadi moja. Akasema, "Mama Kiprono, yaani Amerika wanalisha huyo kijana nyama miaka mitatu ndio atembee hatua moja?" Nikamwambia hatua yenyewe iko na watu kumi na mmoja ndani. Akasema hata foleni ya sukari dukani kwake iko hivyo. Huyu mama nampenda lakini ana wivu.

Jumatano, 22 Oktoba

Barua nyingine. Kurasa nne! Nilikuwa nimemwuliza kwa nini wanamwingiza mwishoni kama chumvi. Amenieleza vizuri, nami nimeelewa kuliko Mzee.

Ni hivi. Mnapewa mpira na mnapewa mara nne kusogea yadi kumi. Mkifika, mnaanza kuhesabu upya. Msipofika, mpira wanachukua wale wengine palepale mlipokwama. Kwa hivyo ikifika mara ya nne watu wengi huogopa. Wanaupiga mpira na mguu uende mbali, wale wengine wakauanzie huko. Hujashinda, lakini hujaaibika. Ila ikibaki yadi moja, kocha anakuna kichwa. Apige mbali ama aende?

Kiprono anasema kocha wake hujiuliza vitu vitatu. Tuko wapi uwanjani. Imebaki kiasi gani. Na wale wengine wanatungojea wapi.

Hicho cha tatu ndicho utamu. Juzi wote walimngojea Kiprono katikati. Kocha akamtuma kweli katikati, anaruka, watu sita wakamlalia, na kumbe hana mpira! Mpira alikuwa nao kijana mwembamba, amezunguka kando peke yake kama anaenda choo. Wakashinda. Amenichorea yote, duara kwa wetu, msalaba kwa wale wengine, na mishale.

Mimi nimekasirika. Sita wamemlalia mtoto wangu bure.

Kwa karatasi ndogo ndani ameandika kwamba siku hiyo alivunjika mfupa wa bega. Unapona. Mkono wa kulia umefungwa, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Nisimwambie Baba, nisimwambie mtu.

Nimeificha hiyo karatasi. Naogopa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Chifu alipita kwa mambo ya harambee. Mimi kwa kujigamba nikamtolea ule mchoro. Akautazama. Akaugeuza. Akauliza, "Mama, hii ni ramani ya nini? Hawa wenye misalaba ni akina nani?" Nikasema ni adui. Akauliza mishale inaelekea wapi. Nikasema inawazunguka wasijue.

Mzee akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka chifu akamwonea huruma. Akaeleza ni mpira, mpira tu, wa shule, akaleta na picha ya Kiprono na helmeti. Chifu akacheka, lakini si sana. Alipotoka tu, Mzee akatia mchoro motoni. Ati mwaka huu serikali inawinda wapinzani, watu wanafungwa kwa karatasi ndogo kuliko hiyo.

Ni kweli. Lakini nililia. Mtoto alichora na mkono wa kushoto.

Jumamosi, 1 Novemba

Mara ya tatu. Mambo yameharibika.

Baba yake Chelagat alikuwa tayari. Mama yake tayari. Halafu nyanya yake, Kogo, ambaye pale kwao ndiye neno la mwisho, akafungua mdomo. Akasema amesikia kazi ya huyu kijana ni kugonga watu na kichwa. Akauliza, "Mtu anayetumia kichwa hivyo, atafikiria na nini?" Akasema anayegonga watu wa nje siku moja atagonga wa ndani. Akasema pia kama wengine wanabebwa, iko siku atabebwa yeye, na mjukuu wake abaki mjane wa kulelewa na yeye Kogo. Mwalimu wa pikipiki angalau akianguka anaanguka peke yake.

Barnaba akauliza habari hizo zimetoka wapi. Zimetoka sokoni. Mama wa nyanya ni binti ya Kogo.

Mzee hakunigombeza. Alinitazama tu muda wote wa chakula. Afadhali angenigombeza.

Ni mimi. Mdomo wangu umemnyang'anya mtoto wangu bibi.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya kanisa kikao hapa nyumbani. Barnaba anataka turudi nyuma. Tutume salamu kwamba tutakuja mwakani, Kogo atakuwa amepoa. Senge anakubali. Mzee anakubali.

Nikasimama. Nikawaambia huko ni kupiga mpira mbali na mguu, na tukiupiga, anayeuokota ni mwalimu wa pikipiki.  Nikawaeleza yote, mara nne, yadi kumi, kocha na vitu vyake vitatu. Tuko wapi? Tuko mlangoni kwao, baba na mama wamekubali. Imebaki kiasi gani? Imebaki mwanamke mmoja mzee, hafiki kilo arobaini. Tunaenda!

Barnaba akauliza, na wanatungojea wapi?

Hapo nikakaa. 

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekoboa mahindi. Sina la kuandika.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata jibu la swali la Barnaba nikikamua ng'ombe. Wananingojea mimi! Soy nzima inajua nitakuja na maneno yangu, nitasimama sebuleni mbele ya wageni na kumsifu Kiprono mpaka jioni. Kogo ameshapanga majibu yake.

Basi wacha sebuleni aingie Barnaba. Aseme, asifu, apige meza. Wamlalie yeye huko. Mimi nitazunguka kando.

Nimemwambia Mzee ninaenda. Akasema mimi? Nikasema mimi. Akauliza nitasema nini. Nikasema kidogo. Akacheka hadi akafuta machozi, halafu akaona sicheki.

Jumamosi, 15 Novemba

Mara ya nne. Nimerudi sasa hivi, hata leso sijavua.

Tulifika saa tano. Wanaume waliingia sebuleni na Senge, na Barnaba akaanza kama tulivyopatana. Sauti yake ilifika barabarani. Mimi nikasema naenda kusaidia jikoni. Nilijua Kogo hakai sebuleni mapema, huacha watu wachoke kwanza. Nikamkuta nyuma ya jiko amekaa kwenye gunia, anachambua maharagwe, macho mlangoni, ananingojea.

Nikamwamkia. Nikakaa chini. Nikachambua maharagwe.

Mungu wangu, kunyamaza ni kazi. Nilichambua sinia nzima. Yeye ananitazama. Mwisho akachoka yeye. Akasema, "Wewe ndiye mama wa yule wa kichwa? Niliambiwa unaongea."

Nikasema nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya nyanya za binti yako.

Akaguna. Akasema haya, nionyeshe hiyo kazi ya kijana, maana nimeambiwa na aliyegongwa tu. Nikachukua boga moja pale ukutani. Nikapanga magunia matatu ya mahindi, hawa ndio wale wengine. Nikachora mstari na kisigino, hapa tuko, hapa tunataka kufika. Hatua moja. Nikakumbatia boga nikaingia kati ya magunia.

Nilianguka. Gunia moja likanilalia mguu. Leso ikaenda upande wake. Kogo akatazama mstari, akasema, "Umefika, lakini umeanguka. Wewe ulisema haanguki."

Nilikuwa na majibu mengi. Nayajua yote, nimeyasema sokoni miaka mitatu. Lakini nilikuwa chini, na kutoka chini uongo hautoki vizuri.

Nikasema, "Kogo, nilidanganya. Anaanguka kila mara. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wanampa mpira wakijua ataanguka, wanachotaka ni aangukie mbele."

Akauliza, na hao wanaobebwa? Nikasema hakuna. Aliyebebwa ni yeye. Amevunjika mfupa wa bega, amefungwa mkono, hata babake hajui. Ananiandikia na mkono wa kushoto. Nikasema mimi mwenyewe sitaki aendelee na mchezo huo. Ninajigamba mchana kwa sababu ninaogopa. Nikaanza kulia na boga liko mkononi.

Kogo akalichukua boga. Halafu akaniuliza kama kwa mkono huo wa kushoto amemwandikia Chelagat pia. Nikasema sijui. Akamwita Chelagat. Mtoto mzuri, nyinyi! Mrefu, mpole, ana mwanya. Akaja na barua mbili za mwandiko wa kuku. Kumbe naye alijua habari ya bega, na alikuwa ameficha kama mimi. Tukatazamana sisi wawili kama wezi.

Kogo akazishika zile barua juu chini, hajui kusoma, akazitazama sana. Akasema, "Mume wangu pia alikuwa anaanguka. Kila Jumapili, kwa pombe ya busaa. Lakini alikuwa anaangukia nyuma." Akacheka mpaka meno yake mawili yakaonekana yote.

Halafu akainuka, akaingia sebuleni kabla sijajifunga leso, nami nyuma yake. Barnaba alikuwa katikati ya sifa, amefika mahali Kiprono anamshika mtu kwa mkono mmoja. Kogo akamwambia, "Wewe kaa chini. Kijana amevunjika bega, mamake amenieleza." Mzee akamwaga chai kwa suruali yake. Akanitafuta na macho. Nikatazama dari.

Kogo akasema anamtaka. Kwa sharti moja, akija Disemba aje kwake kwanza, yeye mwenyewe alishike hilo bega.

Njiani Mzee aligeukia dirisha la matatu mpaka Eldoret. Nikajua nitagombezwa. Tulipofika kwa geti akasema, "Ulifanya vizuri." Halafu akauliza ni bega gani.

Jumapili, 16 Novemba

Naumwa mguu. Sikuenda kanisani.

Nimemwandikia Kiprono. Nimemwambia babake anajua, na kwamba hakuna aliyemkasirikia. Nimemwomba amwambie kocha amtafutie kazi ya kando, kama yule mwembamba. Najua hatamwambia.

Mama Njeri amekuja na sukari kilo mbili kabla hajaambiwa. Hakufanya mzaha. Tumekaa nje tukinywa chai, yeye na mimi na Mzee.

Mchana Senge ameleta neno kutoka Soy. Wamekubaliana siku ya harusi. Barnaba atatangaza kwa watu wa ukoo, mimi nitawaambia wa hapa Kapsoya. Ni Jumamosi, tarehe ishirini Disemba, saa nne asubuhi, kwao Soy. Waje wote.