Jina Nililobaki Nalo Ziwani

Mdogo wangu Guyo,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta nyumbani Bulapesa wala si njiani na lori la maji la kaunti, na kwamba Amina amepata nguvu baada ya uzazi, na magoti ya Mama yamepumzika kidogo. Mimi ni mzima. Naandika hivyo kwa haya, kwa kuwa uzima ndio ulioninyima udhuru: siku ya akika, mlipompa mtoto jina, sikuwa mgonjwa, sikuwa safarini, wala simu yangu haikuwa imeharibika.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hunisamehe kabla sijamaliza sentensi. Husema, "Ah, hakuna shida, dada," kisha unanieleza habari za mvua. Safari hii naomba unisikilize hadi mwisho, ndipo uamue kama shida ipo.

Unajua kwamba kazi yangu huku Kanada ni kuwachunguza samaki wa vilindini katika ziwa la maji baridi. Labda sijawahi kukueleza tunavyowapata. Nyavu huwaua, kwa hiyo tunakokota nyuma ya mashua ndoana zenye vichwa vya risasi, zilizovishwa manyoya ili zifanane na samaki wadogo. Kazi yote ni kuzipitisha kwenye kina kinachotakiwa. Kuna uzito wa risasi, kuna urefu wa mshipi ulioachiliwa, na kuna mwendo wa mashua, na mwendo ndio wenye kauli. Ukiuongeza, maji huusukuma mshipi na ndoana hupanda. Ukiupunguza, ndoana huzama. Hata kona ina hesabu yake: mshipi wa upande wa ndani hupungua mwendo na kushuka, wa upande wa nje hukimbia na kupanda. Samaki wale hulala karibu na miamba. Ndoana ikipita juu mno hawahangaiki nayo. Ikishuka kidogo tu, inanasa mwambani. Basi mimi hushika usukani nikizitazama ncha za fimbo, na mashua sharti iende kama ngamia aliyebebeshwa maziwa, bila kukurupuka na bila kusimama.

Mlipopiga simu nilikuwa katika kazi hiyo. Kwenu ilikuwa alasiri, kwetu asubuhi. Nilijua ni siku ya akika. Nilidhani mngenipigia baada ya magharibi, ingawa sina hakika kama nilidhani hivyo wakati ule au nimejipatia dhana hiyo baadaye. Simu ikatetemeka mfukoni. Mzee Roland, mwenyeji wa huku anayenifungia ndoana na kunitania tangu asubuhi hadi jioni, akaniambia, "Nahodha, mfuko wako unalia."

"Niache nipite miamba hii kwanza."

"Nipe usukani, upokee."

"Acha," nikamwambia. "Ni nyumbani tu. Watapiga tena."

Mkapiga tena. "Kwenu hawachoki," akasema. Nikamjibu kwamba hawachoki, na nikacheka. Mwendo haukubadilika hata kidogo.

Yaliyokuwa yakiendelea Bulapesa nimeelezwa na Mama. Mjomba aliyetoka Merti alikuwa ameketi mkono wake ukiwa juu ya kichwa cha mtoto, simu iko mkekani imefunguliwa sauti ili kila mtu asikie. Tangu Baba afariki ulikuwa umewatangazia wote kwamba mtoto wako wa kwanza atapewa jina na dada yako mkubwa, na mimi nilikuwa nimelificha jina hilo hata kwako, kwa madaha, ili mlisikie kwanza kutoka kinywani mwangu. Lori la kumrudisha Mjomba Merti halingoji mtu. Dereva alipopiga honi mara ya mwisho, mama mkwe wako akalitoa jina la mama yake mwenyewe, Mjomba akaomba dua, na mtoto akawa Rukia.

Mama aliniuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Ziwani, Mama. Nikivua samaki."

"Wewe siku hizi unakula samaki?"

"Hapana. Tunawapima, tunawawekea alama, tunawarudisha majini."

Kisha akasema, "Kwa hiyo hata kuwala hamwali."

Hakusema kwa ukali, Guyo. Alikuwa anataka kuelewa.

Nimejaribu kujitetea. Nilijiambia kwamba vipimo vya asubuhi ile vingeharibika. Si kweli: tungepoteza pengine ndoana mbili mwambani, na Mzee Roland anashika usukani vizuri kuliko mimi. Nikafikiri kwamba huenda nimezoea kuwapenda ninyi wa nyumbani kwa umbali ninaoupima mwenyewe, kama nipimavyo kina cha ndoana. Lakini hoja hiyo nayo naitilia shaka, kwa kuwa inanifanya nionekane mwenye mawazo mazito, ilhali huenda nilikuwa tu mtu anayefurahia asubuhi yake na hataki kusumbuliwa. Lililo baya zaidi ni kwamba niliwahesabu kuwa watu ambao watangoja.

Nimeomba ruhusa ya kuja mwezi ujao. Ningeweza kungoja ziwa ligande, wakati mashua hazitoki na hakuna anayenihitaji, lakini huo ungekuwa ujio wa makombo. Msimamizi wangu amekubali. Mtu mwingine ataimaliza kazi niliyoianza, na matokeo yake hayatakuwa yangu. Sikuelezi haya ili unishukuru. Sijui hata kama nyumba yako iko tayari kunipokea. Ikiwa haiko, niambie waziwazi, nitafikia kwa Mjomba kule Merti na kungoja huko. Tafadhali usichinje chochote.

Umeniuliza katika ujumbe wako nililokuwa nimechagua ni jina gani, ili nyumbani mumwite hilo kwa mapenzi. Najua ni mlango uliokuwa unanifungulia. Niruhusu nisiupite. Mtoto ameitwa na waliokuwapo, na sitaki aje kujiuliza siku moja ni lipi kati ya majina mawili lililo lake.

Msalimie Mama, umwambie swali lake la nilikuwa wapi bado sijalijibu. Msalimie Amina, ambaye alikuwa na haki ya kunikasirikia na badala yake akanitumia picha. Mfikishie mama mkwe wako shukrani zangu, yeye aliyesema nilipokuwa kimya, na Mjomba atakapokuja tena mjini, mwombe radhi kwa niaba yangu hadi nitakapoiomba mwenyewe. Na Rukia mnong'oneze kwamba yuko shangazi anayekuja kujifunza kumwita.

Ni mimi dada yako,
Talaso