Watoto wa Bosi

Mji wa Wote,
10 Februari 2025

Kwa Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, na lile goti limekupa nafasi kidogo kwa vile sasa ni joto. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu simu haitusaidii. Juzi nilipopiga ulirudia tu kusema hunisikii, mpaka ukakata. Barua hii unaletewa na Ndila, yule anayekuja Mutomo kununua ndengu. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Watoto wa Bosi walifika salama wote watano. Walilia mpaka Kibwezi, halafu wakanyamaza. Ndeti, mwenye gesti ninakofanya kazi, amewapa banda nyuma ya jikoni, na Jumamosi tulianza. Nilikueleza vile inakuwa: watu wanatandika mikeka kwenye nyasi, mimi nawaongoza kujinyoosha na kupumua polepole, na hawa watoto wa mbwa wetu wanatembea katikati yao. Hiyo ndiyo yoga yenyewe. Mwambie pasta hakuna kitu tunachoabudu.

Mwaitu, ungeona. Kuna mama mmoja, Katunge, mhasibu katika ofisi za kaunti. Alihamishiwa hapa akaacha watoto wake kwao. Kijibwa mmoja alipomlalia kifuani, alianza kulia, na hakuna aliyemuuliza sababu. Baadaye aliniambia nyumba anayorudi jioni ni kimya mpaka anawasha redio ya jikoni na ya chumbani pamoja. Nilifurahi kwamba kuna kitu nimempa.

Msalimie Bosi.

Mtoto wako,
Mutanu


Mutomo,
23 Februari 2025

Mwanangu Mutanu,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Mimi niko, goti liko, jua limekaza na mtoni watu wanafukua mchanga kupata maji.

Bosi hajatulia. Tangu mwondoke anazunguka ghala, anaingia chini ya kitanda changu, anatoka. Matiti yalimjaa yakawa magumu kama mawe. Nilimkanda na kitambaa cha maji ya moto, akanivumilia. Chakula anakinusa tu. Wewe unajua masikio yangu yalikwenda na ile homa. Mtu akifika, Bosi ndiye hunivuta sketi nikageuka. Sasa mtu akifika anamkimbilia kuona kama amebeba watoto wake, halafu anaenda kulala mbali na mimi.

Sikulaumu. Nilikubali mwenyewe, maana tangu urudi kutoka Qatar hukuwa umeniomba kitu chochote. Lakini walikuwa bado wananyonya. Niambie, wanalala vizuri? Maji wanapata?

Mama yako,
Mutindi


Wote,
16 Machi 2025

Kwa Mwaitu,

Habari za huko nyumbani? Natumaini mmepata hata manyunyu. Hapa mawingu yanakuja na kupita.

Samahani nimechelewa kujibu. Ni yale maswali yako mawili yaliyonichelewesha. Hawalali, Mwaitu, na maji hawapati ya kutosha. Jumamosi sasa vikundi ni vitatu, kimoja kikitoka kingine kinaingia, na kuna wanaotoka hadi Machakos. Kijibwa akisinzia, Ndeti anamwinua na kumweka kwa mteja mwingine ili wapigwe picha. Maji wananyimwa tangu alfajiri wasije wakakojolea mikeka. Nilipoambiwa hivyo mwanzoni, nilikubali. Jua la Wote unalijua. Wanahema ndimi zikiwa nje, na watu wanaambiana, tazama anavyocheka.

Yule mweusi mdogo alijificha nyuma ya tangi. Mimi ndiye niliyemtoa, nikamvuta kwa mguu, kwa sababu watu walikuwa wananingoja. Tangu siku hiyo akisikia sauti yangu anajikojolea.

Nilimwomba Ndeti wapumzishwe angalau kikundi kimoja. Hakukasirika hata kidogo. Alisema, "Mutanu, hakuna mtu atatoka Machakos kuja kuangalia mbwa amelala." Nikarudi kwenye nyasi nikaendelea kuwaambia watu wavute pumzi.

Wawili wameanza kuharisha damu. Daktari wa mifugo amesema walitolewa kwa mama yao mapema, na hawakupaswa kushikwashikwa na watu wote hawa kabla ya chanjo. Nitakuandikia wakipata nafuu.

Mtoto wako,
Mutanu


Mutomo,
30 Machi 2025

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Ni fupi.

Bosi ameondoka. Asubuhi moja niliweka ugali wake, nikamwita, hakuja. Abdisamad, yule muuza mbuzi, alimwona kwenye barabara ya Kibwezi akienda pua chini, kama mtu aliyeangusha kitu.

Juzi mchana nilikuwa ndani nachagua ndengu. Watu waliingia wakachukua mbuzi wangu, wakaniachia yule mmoja mzee mwenye pembe iliyovunjika. Kalunde anasema mbuzi walilia mpaka yeye akawasikia kutoka shambani kwake ng'ambo ya bonde. Mimi sikusikia kitu. Nilitoka nikakuta geti la miiba liko wazi, nikafikiri ni upepo.

Siku hizi nakaa nje, mgongo nimeuegemeza ukutani, ili asije mtu kutoka nyuma. Usiache kazi kwa ajili yangu. Nataka tu kujua kama wale wawili wanaishi.

Mama yako,
Mutindi


Wote,
27 Aprili 2025

Kwa Mwaitu,

Salamu nyingi. Ndila ameniambia mvua imefika kwenu na kwamba umekonda. Barua yako nimetembea nayo karibu mwezi mzima, kila nikianza kujibu nachana karatasi.

Wale wawili walikufa, wiki ileile niliyokuandikia. Ndeti alisema tutafute wengine. Hakuwa anasema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema taa imeungua.

Jumamosi ya kabla ya Pasaka nilifika mapema. Nilitandika blanketi kivulini, nikaweka karai la maji. Watatu waliobaki walikunywa mpaka matumbo yakajaa, wakalaliana, wakalala. Watu walipofika niliwaambia leo hatutawashika. Kama kuna mmoja atakayetaka kuja kwa mtu, atakuja mwenyewe. Kijana mmoja akauliza, sasa tumelipia nini? Nilisema, "Wamechoka. Mimi ndiye niliyekuwa nawachosha."

Wengi walikwenda kudai pesa zao. Katunge alibaki. Alilala kwenye mkeka wake akitazama juu, mikono wazi. Hakuna kijibwa hata mmoja aliyeamka kwenda kwake, na hakuondoka mpaka saa yake ikaisha. Kabla ya jua kuzama Ndeti alikuwa ameniambia nitafute kazi kwingine.

Katunge amewachukua wawili, wale wa kike, pamoja. Wamechanjwa. Mweusi ninaye mimi. Nimepata kazi ya duka la vitambaa Mbumbuni, lakini kwanza nakuja nyumbani Ijumaa, nikuletee huyu. Bosi mwenyewe sijui nitamtafutia wapi.

Mtoto wako,
Mutanu


Mutomo,
18 Mei 2025

Mwanangu Mutanu,

Nakusalimu, na nakuombea huko Mbumbuni. Usisimame dukani kutwa nzima bila kula.

Bosi amerudi, siku chache tu baada ya wewe kuondoka. Abdisamad alimkuta karibu na Kibwezi, nyuma ya kichinjio. Yeye hagusi mbwa kwa sababu ya dini yake, lakini alimwambia utingo wake amfunge kamba wampandishe kwenye lori la mbuzi. Amebaki mbavu, na mguu mmoja anauburuta.

Nilimbeba mweusi nikampelekea. Nilikuwa nimejiandaa kuona furaha. Bosi alimnusa kichwani, akamnusa tumboni, kisha akaonyesha meno. Mtoto alilala kifudifudi akawa hatikisiki. Nilijaribu tena siku iliyofuata, ikawa vile vile. Kalunde anasema wamekaa mbali muda mrefu, harufu imebadilika. Huenda. Sasa nawalisha kila mmoja upande wake wa nyumba, na mimi nakaa katikati. Mweusi anakunywa maji sana. Analala mchana kutwa na simwamshi.

Kuna jambo ambalo nilitaka kukuambia ulipokuwa hapa, nikaona tulikuwa na siku chache. Ile asubuhi uliyoondoka na watoto wa Bosi, sikujua. Niliamka nikakuta kikombe chako kimeoshwa na shuka limekunjwa. Nilikwenda mpaka barabarani, na barabara ilikuwa tupu. Najua uliniaga. Najua ulisimama mlangoni ukaita, pengine zaidi ya mara moja, ukaona nimelala ukanihurumia.

Mwanangu, ukija tena, usiniite. Ingia mpaka kitandani uniguse.

Mama yako,
Mutindi