Kibao Nilichokichonga Mwenyewe

Jumatano, Bagamoyo. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha ikakatika. Ua lina matope, hewa imetulia. Mimi pia nimetulia, ingawa sistahili.

Mjukuu wangu Nasra, wa darasa la nne, alirudi kutoka shuleni jana akiwa kimya. Hakula. Nilipombana sana akaeleza. Shuleni kwao, kunakofundishwa kwa Kiingereza, anayesikika akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, wala hakivui mpaka amnase mwenzake akisema Kiswahili, amkabidhi. Nasra alikuwa nacho tangu Jumatatu. Ili akiondoe, alimkanyaga rafiki yake Rehema kidole cha mguu. Rehema akapiga ukelele, "Mama yangu, naumia!" Kibao kikahama. Sasa Rehema hataki hata kumtazama.

Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi. Leo asubuhi nilivaa kanzu na koti, nikaenda kumwambia mwalimu mkuu kwamba anafanya jambo la aibu katika nchi huru.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kabla sijaketi. "Hunikumbuki. Mimi Zena, wa Fukayosi."

Nikamkumbuka. Nikaketi, nikataja kibao cha Nasra kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga.

Fukayosi ndiko nilikoanzia kazi. Taifa lilikuwa changa. Tuliambiwa, nasi tuliamini, kwamba nchi yenye lugha nyingi namna hii itapasuka isipopata moja ya kuishikilia. Basi nilichukua mfuniko wa sanduku la chai, nikachonga kibao, nikakitoboa, nikatia kamba ya katani. Mtoto aliyesema Kikwere cha kwao alikivaa mpaka amnase mwingine. Aliyekutwa nacho jioni alifagia uwanja.

Serikali haikuniagiza kibao. Hicho ni changu.

"Dada yangu alinifinya ili nilie kwa Kikwere," alisema Zena. "Nikalia. Yeye akaenda kucheza, mimi nikafagia. Mpaka leo tunasalimiana tu, kama majirani waliogombea mpaka wa shamba."

"Tulikuwa tunajenga nchi moja, Zena."

"Na mimi nawatafutia watoto riziki. Wazazi wananiambia mtoto asiyejua Kiingereza atakuja kuwafungulia wenzake geti. Waongo?"

Si waongo.

Sitaikana kazi yetu. Mtu wa Lugoba akifika Kigoma anaeleweka, na hilo si dogo. Lakini tuliwafundisha watu lugha moja, kisha sekondari na mikataba tukaiachia lugha nyingine. Shemeji yangu wa Mlingotini aliweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ya shamba lake bila kuelewa hata mstari mmoja. Hatukugawanyika kwa makabila. Tumegawanyika kati ya wanaoisoma karatasi na wanaoonyeshwa pa kutia dole.

Na sote wawili, mimi kwa Kiswahili na Zena kwa Kiingereza, tumetumia kibao.

Mwishowe Zena alisema, "Nitakiondoa. Ila wazazi watasema nimelegea. Jumamosi tuna kikao. Njoo uwaambie wewe."

"Niwaambie nini?"

"Habari ya dada yangu." Kisha akacheka. "Na usitusahihishe sarufi, mwalimu. Tutatoka mmoja mmoja."

Mchana niliandika hotuba ya kurasa tatu: historia ya lugha nchini tangu enzi za ukoloni. Kila koma ilikaa mahali pake. Nikamsomea Nasra aliporudi kutoka shuleni. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Babu, kwani wewe kibao ulikivaa?"

"Hapana. Nilikuwa nawavisha watoto."

Akafikiri. "Rafiki zako walikununia?"

Kwa miaka yote hiyo nilidhani watoto walionyamaza mbele yangu walikuwa wananiheshimu.

Kurasa tatu nimezichana. Jumamosi nitaanza na sentensi moja: kibao cha kwanza nilikichonga mimi, na kilivunja undugu wa watoto wa mama mmoja. Mengine yatakuja, au hayatakuja. Wazazi wakinizomea, nitasimama hapohapo.

Kesho Nasra anakwenda kwa kina Rehema kuomba radhi. Ameniomba nimsindikize kwa sababu anaogopa, nami nimekubali.

Nikitoka huko, nani atanisindikiza mimi hadi Fukayosi, kwa dada yake Zena?