Stoo Iliyozibwa Mwanga

Jumatatu, 3 Machi

Nimepoteza magunia ishirini na manne ya mbegu za waru, viazi vyetu vya huku. Yameharibika katika zile wiki mbili nilizokuwa Chaka nikitayarisha shamba la kukodi. Nimeyakuta leo asubuhi nilipofungua stoo kugeuza mbegu, kazi yangu ya kila Jumatatu.

Rafu sita kati ya kumi. Kila rafu magunia manne. Hakuna namna ya kuipiga hiyo hesabu ikatoka vizuri.

Mbegu ya waru inataka mwanga. Ndiyo sababu kuta za stoo nilizijenga kwa mbao zilizoachana, mwanga upite, mvua isipite. Ikipata mwanga, chipukizi huwa fupi, nene, kijani. Ikikaa gizani hutoa kitu kirefu cheupe kinachovunjika ukikigusa tu. Nilizokuta leo zina machipukizi ya urefu wa kiganja. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umezibwa kwa magunia matupu. Yamepigiliwa misumari. Misumari yangu.

Ufunguo nilimwachia mama yangu, Maitu. Maitu anasema ni upepo, ati ulikuwa unashuka kutoka milima ya Nyandarua na baridi ya kuua mbegu. Amepanda waru tangu kabla sijazaliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya mwanga. Na chumba kidogo cha nyuma, ninakoweka dawa na pampu, kina kufuli ambayo ati ufunguo wake umepotea.

Nimebandua magunia mawili. Hasira ikanizidi, nikaenda kukamua ng'ombe.

Jumanne, 4 Machi

Magunia yale mawili yamerudishwa. Maitu anaendelea na kazi zake kama hakuna kilichofanyika. Labda ni uzee. Nimeandika "labda" lakini siamini.

Nimempigia Mzee Kamande wa Kangema. Aliagiza magunia kumi na sita, ya ekari moja, na kijana wake ameshafungua mifereji. Nimemwambia ukweli, rafu zake ni kati ya zile sita, mbegu hakuna.

"Sasa nipande nini, Nyambura? Nipande hii simu?"

Ana haki. Nilianza na karai moja la mbegu, nikichagua kwa mkono, mwaka nilioacha shule kidato cha pili. Leo watu wanatoka hadi Kangema kunitafuta kwa jina. Jina hilo limejengwa na kitu kimoja tu: nikisema mbegu iko, iko.

Kitu kingine. Nilipika githeri sufuria nzima jana. Tuko wawili hapa nyumbani, na Maitu anakula vijiko vitano anasema ameshiba. Leo sufuria imebaki mchuzi.

Na mbwa halali tena mlangoni. Analala stoo.

Jumatano, 5 Machi

Wamekuja wanaume wawili na naibu wa chifu. Nguo za raia, viatu vya kung'aa ambavyo hakuna mtu wa hapa Endarasha anavivaa siku ya kazi. Wanamtafuta Muriithi, ndugu yangu mdogo. Likizo yake iliisha Januari na hakurudi kambini. Mimi nilijua yuko ng'ambo ya mpaka na wenzake. Hivyo ndivyo Maitu alikuwa ananiambia.

Yule mrefu aliongea kwa heshima, na ndiyo iliniogopesha. Akija mwenyewe, alisema, ni kesi ya aina moja. Akiletwa, ni kesi nyingine. Anayemficha naye ana yake. Watarudi Jumatatu saa nne asubuhi na karatasi ya kupekua boma. Naibu wa chifu, ambaye alikula mbuzi wetu siku Muriithi alipoandikwa jeshi, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Maitu aliwapa chai. Akawauliza kama wanataka sukari zaidi.

Hapo ndipo nilijua. Mama akiambiwa mtoto wake hajulikani aliko, anauliza kwanza kama yuko hai. Maitu hakuuliza.

Gari lao lilipopotea kwenye kona nilichukua mtaimbo nikaenda stoo. Sikuhitaji kuvunja. Nilisema tu, "Muriithi, fungua," na sikusikia kitu. Nikasema tena kwa sauti. Kufuli ya nje ilikuwa ya kuonyesha watu tu, bawaba zimelegezwa. Akafungua.

Akasimama wima, mikono ubavuni, kama mimi ni mkubwa wake kazini. Ndevu. Amekonda shingo. Nyuma yake godoro la Maitu, ambalo nilidhani limepelekwa kwa shangazi.

Nilikuwa na mengi. Nikatoa moja: "Umeniulia mbegu."

"Sikujua, sista. Maitu alisema tuzibe, watu wasinione nikitembea."

Hakujua. Huyo ni mtu wa bunduki, mbegu hajawahi kushughulika nazo. Lakini Maitu alijua. Alisimama pale na nyundo, akapima mtoto na mbegu, akapiga msumari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechambua rafu nne zilizopona. Nzuri. Zangu mwenyewe, hazitoshi hata shamba la Chaka.

Nina hasira hadi meno yanauma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Muriithi uji. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto, nikamuuliza kwa nini alitoroka. Akaendelea kunywa. Nikauliza tena. Akaendelea kunywa. Nilikaribia kumwagia ule uji kichwani. Kisha akageuka akaniona midomo ikienda, akasema, "Pitia upande huu."

Sikio la kushoto limekufa. Lilipasuka kwa mlipuko mwaka jana, huko ng'ambo. Hakumwambia daktari, hakumwambia mkubwa wake. Alijifunza kukaa kushoto kabisa, kwenye gari na kwenye doria ya miguu, wenzake wote wawe kulia. Siku moja nafasi hiyo ilikaliwa na mwingine. Wakitembea, mwenzake wa kushoto akampigia kelele asimame. Hakusimama. Yule mwenzake akamkimbilia kumvuta, na ndiye aliyekanyaga bomu. Yuko hai. Mguu hauko.

Januari aliambiwa kundi lake linarudi huko. Akatoka kwa likizo, akakaa Nyeri mjini kwa rafiki hadi rafiki akamchoka, kisha akaja kwa Maitu.

"Kwa nini hukusema habari ya sikio?"

"Ningesema, wangenirudisha nyumbani."

"Na sasa uko wapi?"

Akacheka. Mimi pia nikacheka, vibaya, kama mtu anayekohoa. Halafu yeye hakuacha, ikawa si kicheko tena, na mimi nikatoka nje nikashika ukuta.

Namhurumia. Sitaki. Nilikuwa nimejipangia hasira ya msimu mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Tumegombana na Maitu jikoni. Mpango wake ni huu: kesho baada ya kanisa Muriithi apelekwe Laikipia kwa binamu yake, achunge kondoo, mambo yapoe. Mambo ya jeshi yapoe! Nikamuuliza atachunga hadi lini. Siku polisi wa barabarani akitaka kitambulisho, atatoa cha nani? Akitaka kuoa, ataandikisha jina gani? Hilo sikio likitoa usaha, atatibiwa na kondoo?

"Wewe una roho ya mawe, Nyambura. Mbegu utapata zingine. Mtoto nitatoa wapi?"

"Mimi ni nani, Maitu?"

Akageukia moto.

Nayaandika haya kwa sababu hakuna mtu nitakayeyaambia. Siku ya kuandikishwa kule Nyeri, Muriithi akikimbia uwanjani miguu mitupu, nani alishika viatu vyake? Baba alipokufa na jeshi likakataa kumpa ruhusa, nani alisimama mahali pa mtoto wa kiume, akatupa mchanga, akaelekeza wachimbaji? Picha ya ukutani ni yake, na kofia. Kanisani ninaitwa "dada ya afande". Miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kumwita yeye ndugu ya Nyambura wa mbegu.

Mchana nilimkuta Muriithi ameketi sakafuni stoo akivunja yale machipukizi meupe, moja moja, anazirudisha mbegu kwenye rafu. Hakutumwa. Nikamwonyesha namna ya kusugua kwa kidole gumba ili jicho la mbegu lisiumie. Zikipata mwanga zitachipua tena, lakini dhaifu, na mvua ya msimu huu zimeikosa. Nilimwambia hivyo. Akauliza kama ni kazi bure. Nikasema si kazi bure, ni kazi iliyochelewa.

Tulifanya rafu mbili. Ana mikono mizuri. Hilo pia liliniudhi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mchungaji aliwaombea askari wetu walio mbali, akamtaja Muriithi kwa jina. Maitu akasema "Amina" ya kusikika hadi nje. Mimi niliangalia mikono yangu. Ina madoa ya kahawia ya kusugua mbegu, hayatoki kwa sabuni.

Alasiri nilichukua koleo nikang'oa misumari yote. Magunia yakaanguka. Jua likaingia kwa mistari, juu ya rafu, juu ya godoro, juu ya Muriithi. Akafunika macho. Maitu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha kichwa mkononi, akitazama. Sikumwita. Hakuja kunizuia.

Nikamwambia Muriithi mambo haya, polepole, nikiwa upande wake wa kulia.

Kesho saa moja asubuhi pikapu inatoka. Tunapita Mweiga, tunatokea Chaka, tunashika barabara ya Nanyuki hadi geti la kambi. Tutafika kabla wale wawili hawajafika hapa. Atasema jina lake na namba yake, kisha jambo la kwanza baada ya hapo aseme sikio. Si mwisho. La kwanza. Aombe daktari, daktari aandike. Sikio lililokufa ni ugonjwa. Kujificha chumba cha dawa si ugonjwa. Watamfunga? Labda. Nimemwambia labda, sikumdanganya. Nitamtembelea. Nitamletea waru za kuchemsha na chumvi, kama wataruhusu.

Akisema hapana, sitamwita mtu. Lakini saa mbili atakuwa ametoka kwenye boma langu kwa miguu yake, na akifika Laikipia asinitumie salamu.

Alikuwa anageuza waru moja mkononi, akiitafuta macho.

Sasa jioni. Nimekamua. Nimeweka mafuta kwenye pikapu, nimekagua magurudumu. Maitu amepiga pasi shati jeupe, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa stoo, hakusema ni la safari gani. Mbwa amerudi mlangoni kwangu. Kupitia dirishani naona stoo, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi naona hadi upande wa pili, miti ya jirani inaonekana kati ya mbao.

Nikiendesha nitakuwa kulia kwake. Sikio zima litakuwa upande wangu. Sitarudia swali.

Unakuja au huji, Muriithi? Saa moja kamili, nikiwasha gari, nataka neno moja.