Programu ya Ayuen

Lodwar,
Likizo ya Desemba

Dada yangu mpendwa Ayak,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba goti lake limepata nafuu tangu mvua zikatike. Mimi sijambo, ila joto la Lodwar limetushika shingoni na umeme unakatika unapojisikia. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunikatiza nami husahau nilichotaka kusema, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Shule imefungwa, nami nimebaki kuzishughulikia kompyuta alizoziunda kaka yetu marehemu, kabla maji ya laga, ule mto mkavu unaofurika ghafla, hayajalichukua gari alilopanda kuja kwenu Kakuma. Unajua Ayuen hakupenda njia za mkato. Mfumo aliouweka hauleti programu zikiwa tayari; huleta maandishi ya asili ya programu hizo, na mashine yenyewe huzijenga moja moja. Mwaka huu kifaa cha kujengea kimebadilika, ikabidi zote zijengwe upya. Nikaiamuru mashine kwamba programu ikigoma iachwe, nyingine ziendelee, na mwishoni niambiwe zilizokwama.

Ilikwama moja tu. Ni ile aliyoiandika Ayuen mwenyewe, ya kuwafundisha watoto wadogo herufi kwa sauti yake. Kwenye skrini yakatokea maneno aliyoyaweka humo kwa utani, maana ndivyo alivyokuwa: "Imekwama. Usiniruke. Niite. Ayuen."

Dada, nilijua nani aliyaandika na kwa nini. Hata hivyo nywele zilinisimama. Nilijaribu tena, maneno yale yale. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, yale yale. Nikawa nakaa nimeegemeza mgongo ukutani, kwa sababu nilihisi kuna mtu nyuma yangu anasoma pamoja nami. Utanicheka, najua. Mwalimu mkuu alisema niifute tu, shule itatafuta nyingine. Nilikubali, kisha mkono ukakataa.

Siku hizo hizo Baba Mdogo Nyang alikuwa akinipigia simu kila jioni kuhusu Nyandeng, mchumba wa Ayuen. Alinikumbusha kwamba ng'ombe wa mahari walishakwenda kwao, kwamba Ayuen amekufa bila mtoto, na kwamba mimi mdogo wake ndiye wa kumwoa msichana huyo kwa jina lake, watoto waitwe wa Ayuen, asipotee. Nilimjibu kwamba mambo hayo ni ya zamani, mimi ni mwalimu, tena Mkristo. Akaniambia kwa upole kwamba hata yeye ni Mkristo.

Programu nimeitengeneza. Ilikuwa ikitafuta kipande cha kushughulikia sauti kwa jina la zamani, na katika mfumo mpya kimepewa jina lingine. Nikarekebisha mistari michache, ikajengeka. Ndani yake kuna mahali pa jina la mtunzaji, yule anayeulizwa ikikwama. Amuria, mwalimu mwenzangu, alikuwa ameinama kando yangu, akaniambia, "Mwalimu, weka jina yako. Ni wewe umetengeneza. Huyu ataulizwa wapi?" Nikaandika langu, nikalifuta, nikaacha la Ayuen. Kisha nikaiwasha, na sauti yake ikawasalimu watoto katika darasa tupu. Amuria alilia. Mimi nilitoka nikasimama juani mpaka kichwa kikaniuma.

Dada, najua unamsomea Mama. Kuanzia hapa soma kimoyomoyo.

Sikukataa kwa sababu ya usomi wala kanisa. Nilikataa kwa sababu nampenda Nyandeng, na nilimpenda kabla Ayuen hajamchumbia. Siku tulipoletewa habari za laga nililia kama ninyi, na machozi hayajakauka, wazo likanijia kwamba sasa yuko peke yake. Wazo hilo ndilo linalosimama nyuma yangu darasani. Naogopa kwamba nikimwoa nitakuwa nimekula kifo cha kaka yangu. Naogopa pia kwamba atakaa katikati yetu maisha yote, na watoto nitakaowazaa watamwita yeye baba. Nimeamua kuyabeba hayo. Lakini muulize Nyandeng kwanza, mkiwa wawili, na umweleze yote niliyoandika hapa. Akikataa, aende zake kwa amani, na mtu asiwadai ng'ombe wale.

Sasa endelea kwa sauti.

Mama, Nyandeng akiridhia, nitasimama mahali pa Ayuen. Mwambie Baba Mdogo moyo wake utulie. Nisalimie majirani wote, na kanisani mniombee. Usiwe na wasiwasi juu yangu, Mama. Mimi sitafuti la kwangu katika jambo hili. Nafanya kwa ajili ya kaka tu.

Ni mimi mwanao, Mama, na mdogo wako, Ayak,
Anyang