Upande Wako wa Kitanda

Mume wangu, pumzi yangu,

Shuka za harusi yetu nimezifua na bado zinanukia wewe. Kila nikizikunja nacheka peke yangu. Lakini leo, mpenzi, nina hasira.

Baba yako mdogo ameipulizia miche yako ya mpira dawa ya kuua ukungu! Nimetoka kuteka maji nikamkuta na bomba mgongoni, anatabasamu.

"Bibi harusi, nimewasafishia! Si mumeo mwenyewe alisema majani yana ukungu ndani?"

Nikamwambia huo ni ukungu mwema. Uliutoa kwenye majani ya ule mti mkongwe usiougua, ukauhamishia kwenye miche, uishi ndani ya jani na kuuzuia ugonjwa unaopukutisha mashamba ya watu. Akanicheka.

"Ukungu ni ukungu tu, mwanangu. Umeolewa juzi, leo umekuwa daktari wa miti?"

Kazi yako ya mwaka mzima! Heshima ya ukwe ikanitoka. Nimemvua lile bomba mbele ya shangazi zako, na wanune watakavyo.

Safu ya nyuma hakuwahi kuifikia. Nimeihamishia chumbani kwetu, mche kwa mche, na ufunguo wa mlango ninao kifuani. Anayeutaka aje auchukue.

Rudi upesi, nimekukosa vibaya. Ila ukiingia, usijitupe kitandani kama kawaida yako. Dirishani hapakutosha, kwa hiyo upande wako umelala miche.

Wako mwenye hasira na mapenzi,
Mkeo